Muuzaji wa nyoka ana deni

Leo nataka tuzungumze juu ya biashara ambayo wengi wetu hatuifanyi, lakini nchi yetu imeifanya kwa miaka mingi. Ni biashara ya kuuza wanyama wa hatari kwa watu wanaotaka kuwafuga majumbani, kama wewe unavyofuga paka. Nasema nyoka, simba, duma na wenzao. Wapo wanaowanunua, na kwa hiyo wapo wanaowauza.

Mnunuzi tumemsema sana. Tumemwita mjinga, tumemwita mtu mwenye fedha asiyejua la kuzifanyia. Juma hili simtaki mnunuzi. Namtaka muuzaji, na nina swali moja tu la kumwuliza. Akishapokea fedha yake na kuitia mfukoni, je, amemaliza?

Kabla sijamnyooshea mtu kidole, yanipasa nikiri. Mimi mwenyewe niliwahi kuuza.

Nimekulia upande wa Muheza, chini ya milima ya Usambara. Anayeifahamu misitu ya huko anajua kuwa ina vinyonga, vyura na nyoka wa namna ambazo hazipatikani penginepo duniani. Miaka ya tisini mwanzoni palikuwa na bwana mmoja aliyekuwa akija na pikapu yake. Akisimama penye mwembe, sisi watoto tulimkimbilia na vikapu. Kinyonga alikuwa na bei yake, na kinyonga mwenye pembe alikuwa na bei zaidi. Hakuna aliyetuuliza tumewatoa wapi, wala sisi hatukuuliza wanakwenda wapi. Biashara haigombi.

Mwaka 1992 nilikuwa na umri wa miaka 12. Siku moja mimi na wenzangu wawili tulikuwa tukichunga mbuzi kando ya shamba la mkonge lililoachwa. Tukakuta shimo la muhanga, na mlangoni mwake maganda ya mayai na vitoto vitatu vya chatu. Kila kimoja kilikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, ngozi inameta juani kama mafuta juu ya maji. Mama yao hakuwapo. Tukavitia katika kiroba, tukafunga kwa kamba ya katani, tukamngoja bwana wa pikapu. Alipoviona alicheka kwa furaha. Alitupa fedha, tukagawana, na fungu langu lilitosha madaftari ya muhula mzima na kalamu mbili.

Jioni nikamwonyesha bibi yangu. Aliniuliza fedha nimezitoa wapi, nikamweleza. Nilitazamia kusifiwa. Bibi akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza:

"Mjukuu wangu, huyo atakayemfuga, mmemwambia kwamba mama yake humeza mbuzi?"

Nikamjibu kuwa bwana yule ni mtu mzima, bila shaka anajua.

"Yeye anajua," bibi akasema. "Nauliza huyo atakayemfuga."

Sikuwa na jibu, nikaenda zangu kulala. Nikalisahau swali lile kwa miaka 21.

Lilinirudia mwezi Agosti mwaka 2013. Nilikuwa zamu ya usiku katika chumba cha habari, nikitafsiri habari za nje kwa ajili ya taarifa ya saa 12 asubuhi. Ikaingia habari kutoka Canada, mji mdogo uitwao Campbellton. Watoto wawili wa kiume, ndugu wa tumbo moja, mmoja wa miaka 4 na mwingine wa miaka 6, walikwenda kulala nyumbani kwa rafiki yao. Nyumba hiyo ilikuwa juu ya duka la wanyama wa kufugwa. Usiku chatu akatoka kizimbani mwake, akapita katika bomba la hewa, akaanguka katika chumba walimolala watoto. Asubuhi wote wawili walikutwa wamekufa. Chatu huyo alikuwa na urefu wa mita 4 na zaidi, na alikuwa chatu wa Afrika, wa jamii ile ile tunayoijua sisi.

Nilipofika penye neno "chatu" mkono wangu ulisita. Sisemi kwamba yule ndiye niliyemtia kirobani. Jambo hilo halina ushahidi na sitaki kuongeza chumvi. Nasema tu kwamba chatu wa Afrika hakuogelea hadi Canada. Yule, au mama yake, au bibi yake, aliwahi kuokotwa na mtu kama mimi, akauzwa kwa mtu kama bwana wa pikapu, akapita mikononi mwa wauzaji wawili, watatu au wanne. Na katika mnyororo wote huo kila mmoja alidhani kwamba yule anayefuata anajua.

Kesi ya jambo hilo ilikwisha mwaka 2016. Mwenye nyumba alishtakiwa kwa uzembe, na wazee wa baraza wakamwona hana hatia ya jinai. Mahakama imesema yake nami siipingi. Lakini mahakama huulizwa kama mtu ametenda kosa la jinai. Haiulizwi lile swali la bibi.

Sasa, msikilizaji mpenzi, usidhani kwamba jambo hili ni la vichochoroni tu. Hebu turudi nyuma mpaka London, mwaka 1969. Duka kubwa na la heshima kuliko mengi duniani, Harrods, liliweka mtoto wa simba katika kizimba na kumtia bei: gini 250. Vijana wawili wa Kiaustralia, John Rendall na Anthony Bourke, wakamnunua. Wakamwita Christian, wakamweka katika duka la samani, wakawa wanampeleka kucheza katika uwanja wa kanisa. Watu wa mtaa walimpenda. Lakini mtoto wa simba hana nia ya kubaki mtoto. Haukupita mwaka, vijana wale wakawa na simba, nao wanaishi katikati ya mji.

Waliokolewa na bahati. Waigizaji wawili wa sinema waliokuwa wamecheza hadithi ya simba wa Kenya waliingia dukani mle kutafuta samani, wakamkuta Christian. Kwa msaada wao akapelekwa Kora, Kenya, mwaka 1970, kwa marehemu George Adamson, mzee aliyejua kuwarudisha simba porini. Hadithi hiyo watu huisimulia kwa machozi ya furaha, na mimi naipenda. Lakini nikiisoma hujiuliza: je, asingeingia mteja yule? Duka lilikuwa limeuza simba, likatoa stakabadhi, likafunga hesabu za siku. Duniani simba wanaouzwa ni wengi, na Adamson alikuwa mmoja.

Wasiokuwa na bahati tunawajua pia. Mwezi Oktoba mwaka 2011, karibu na mji wa Zanesville katika jimbo la Ohio, Marekani, mtu mmoja aliyefuga wanyama wa porini shambani kwake alifungua vizimba, kisha akajiua. Wanyama wapatao 50 wakatoka: simba, chui milia, dubu. Jua lilikuwa linakuchwa na watu wako majumbani na watoto wao. Polisi hawakuwa na njia nyingine ila risasi. Wanyama 48 waliuawa, na miongoni mwao chui milia 18. Mwaka uliofuata, 2012, jimbo la Ohio likatunga sheria ya wanyama wa hatari. Majuto ni mjukuu. Kila mmoja wa wanyama wale alikuwa amewahi kuwa mdogo, mzuri, wa kubebeka mkononi, na muuzaji wake aliwahi kusema bei.

Nchi nyingine zimejaribu kuziba ufa kabla ya kujenga ukuta. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1976: atakaye kumweka mnyama wa hatari nyumbani lazima apate leseni ya halmashauri, daktari wa mifugo akague mahali, na mfugaji awe na bima ya kulipa madhara. Sheria nzuri. Lakini katika orodha yake chatu hayumo. Mwaka 2017 mtu mmoja nchini humo alikufa, na mchunguzi wa vifo akasema mwaka uliofuata kuwa chatu wake wa Afrika ndiye aliyesababisha kifo hicho.

Kinachonivutia zaidi ni kanuni zilizotungwa England mwaka 2018, kwa sababu hizo zinamshika muuzaji. Anayeuza wanyama wa kufugwa lazima awe na leseni, na tangazo lake lionyeshe namba ya leseni hiyo, picha ya mnyama na umri wake. Tena lazima ampe mnunuzi maelezo ya jinsi ya kumtunza mnyama yule. Na kwa sheria ya mwaka 2006, kumwuzia mnyama mtoto wa chini ya miaka 16 ni kosa. Kwa kanuni hizi mimi na wenzangu tusingeuza, wala tusingeuziwa.

Florida, Marekani, ina kipimo kingine. Huwezi kupewa leseni ya kufuga nyoka wa sumu mpaka uwe umefikia miaka 18 na uthibitishe kuwa umefanya kazi na nyoka hao kwa saa 1,000. Saa elfu moja! Dereva wa basi letu hakuulizwa hata nusu yake. Florida imejifunza kwa uchungu. Chatu wa Burma walioletwa kuuzwa madukani walitoroka au waliachiwa na wenyewe walipowashinda, wakazaana katika mbuga ya majimaji ya Everglades, na sasa hakuna awezaye kuwamaliza. Utafiti uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kuwa baadhi ya wanyama wadogo waliokuwa wakionekana kila siku katika mbuga hiyo wametoweka karibu wote. Mwaka huo huo Marekani ikakataza kuingizwa nchini kwa chatu wa Burma, na chatu wetu wa Afrika wakiwamo katika marufuku hiyo.

Ujerumani nako, mwezi Agosti mwaka 2019, swila mmoja alitoroka katika nyumba ya ghorofa mjini Herne. Watu wapatao 30 wakahamishwa makwao kwa siku kadhaa mpaka alipokamatwa. Jimbo hilo likatunga sheria ya wanyama wa sumu, ikaanza kutumika Januari 2021. Na huko Ghuba, ambako vijana wenye fedha walipenda kupigwa picha na duma ndani ya magari, Umoja wa Falme za Kiarabu ulitoa sheria mwaka 2016 kuwakataza watu binafsi kufuga wanyama wakali. Duma hao wengi walitoka Pembe ya Afrika wakiwa vichanga, wakivushwa baharini kwa magendo, na wengi hufa njiani kabla ya kumwona tajiri.

Sasa niulize tena: muuzaji anadaiwa nini? Mimi nimeyaweka madeni yake katika mafungu matano, na nimejitahidi yawe mepesi kukumbuka.

Kwanza, ajue anachouza. Akiuza chatu, ajue kuwa kitoto cha urefu wa mkono kinaweza kufikia mita nne na zaidi, na kuishi miaka zaidi ya 20. Muuzaji asiyejua hayo hana haki ya kukipanga dukani.

Pili, aseme. Aseme ubaya kabla ya uzuri. Muuza gari chakavu akikuficha ubovu wa breki tunamwita tapeli. Basi anayekuuzia nyoka wa sumu bila kukwambia kuwa atakua, kwamba sumu yake ina dawa yake maalumu, na kwamba pengine hospitali ya mji wako haina dawa hiyo, tumwite nani?

Tatu, aulize. Unaishi wapi? Una watoto? Jirani zako wanajua? Nani atamlisha ukisafiri? Mfamasia mwema humwuliza mtu maswali kabla ya kumpa dawa kali, na hatumwoni kuwa ni mbeya.

Nne, akatae. Hili ndilo gumu. Mteja ameweka noti mezani, kodi ya pango inadai, na mwenye duka la pili yuko tayari kuuza. Lakini biashara isiyojua kusema hapana ni hatari kuliko nyoka mwenyewe.

Tano, apokee. Mnunuzi akishindwa, amrudishe mnyama kwa muuzaji bila kutukanwa, wala asiende kumwachia mtoni usiku. Florida wanazo siku ambazo mtu hukabidhi mnyama wake wa kigeni kwa serikali, haulizwi sana wala hatozwi faini. Wamegundua kuwa aibu na faini ndizo zilizokuwa zikifungua vizimba usiku.

Najua atatokea mtu wa kunijibu. Atasema: Ndugu mtangazaji, wewe ulipata madaftari kwa biashara hiyo, leo unataka kumnyima mtoto wa mwenzako. Hoja hiyo ina uzito, wala siibezi. Vijiji vilivyo kando ya misitu ni maskini, na aliyeokota nyoka alipata senti wakati wa mwisho katika mnyororo akipata dola. Tena hao wanaookota ndio wanaoumwa. Shirika la Afya Duniani linakisia kuwa kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kwa kuumwa na nyoka, na wengi ni wakulima na watoto wa nchi kama zetu. Kampuni moja ya Ulaya ilikoma kutengeneza dawa iliyotegemewa sana Afrika mwaka 2014, na akiba ya mwisho ikafikia tarehe yake ya mwisho mwaka 2016. Mtoto wa Muheza anashika moma kwa mkono mtupu ili mtu wa mbali apate cha kuwaonyesha wageni sebuleni. Biashara hiyo si ya kumkomboa maskini.

Hapa Tanzania, Machi 2016, Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje kwa miaka 3. Mwezi Juni 2022 ikatangazwa kuwa wafanyabiashara wangepewa miezi 6 wamalize wanyama waliobaki vizimbani. Watu wakapiga kelele, na haikupita juma, Waziri akalisitisha tangazo hilo. Mjadala huu utarudi tu, maana fedha ikifukuzwa mlangoni huingia kwa dirishani. Utakaporudi, maoni yangu ni haya: tusianze na kuhesabu dola. Tuanze na yale madeni matano. Biashara isiyoweza kuyalipa yote, mlango wake ubaki umefungwa. Na asiyekuwa na kibali akumbuke kuwa sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumfuga wala kumwuza mnyamapori kienyeji, hata tumbili wa kufunga kamba kiunoni.

Nawe unayenisikiliza hapa mjini, usiseme haya ya nyoka hayakuhusu. Jana tu nimepita barabarani, kijana ameshika watoto wawili wa mbwa wale wa vichwa vikubwa, anawanadi kwa wenye magari taa zikiwa nyekundu. Mama mmoja akashusha kioo, wakakubaliana bei, taa zikawa kijani, akaondoka. Nyuma ya gari walikaa watoto watatu wamevaa sare za shule, wakishangilia. Je, ameambiwa mbwa huyo atakuwa wa namna gani baada ya mwaka mmoja? Amechanjwa? Nani aliyeuliza? Sikuwa na la kufanya, maana na mimi gari la nyuma lilikuwa linanipigia honi.

Bibi yangu alikwisha kutangulia mbele ya haki. Hakuijua Florida wala Campbellton. Alijua tu kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka, na kuwa anayejua hilo ana wajibu wa kumwambia asiyejua, hata kama kwa kumwambia atakosa fedha. Nilipokuwa na miaka 12 nilidhani kuwa anaharibu furaha yangu. Leo nina watoto wa umri ule, na kila nikikumbuka noti zile naona kuwa zilikuja na deni, na deni lenyewe nalilipa hivi, kwa mdomo, kwa kuwaambia ninyi.

Msikilizaji mpenzi, wakati wetu umekwisha. Tukutane juma lijalo, saa kama hii. Kwaheri.